Mkono Juu ya Kichwa

Kitengela,
Jumapili, 16 Februari 2025.

Kwa dadangu Wacuka,

Nakusalimu kutoka jikoni kwa Mama, ambako nimejifungia na kalamu tangu tutoke kanisani. Habari ya baridi? Picha ulizotuma tuliziona. Ulikuwa umejifunika mpaka puani, na Mama akauliza kama watu wa huko hupumua kwa macho. Kazi ya hospitali inaendeleaje, na ule mguu ulioumia Krismasi umepona? Usitudanganye kwamba umepona kama bado unachechemea. Sisi huku tuko. Mama yuko na nguvu, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, na dawa uliyomtumia anaitumia siku anazotaka yeye. Kuku wa mayai wamepungua kwa sababu ya joto. Mvua hatujaiona tangu Desemba, na vumbi la Kitengela unalijua: unapangusa meza, unageuka, unaipata kama hukuipangusa. Mimi mwili ni mzima. Karakana bado iko, na wiki hii nimechomelea mageti mawili na ngazi moja.

Utashangaa kupata barua ya mkono mwaka huu. Nilijaribu kukurekodia sauti kwa simu mara nne, na mara zote nne nikafuta. Sasa Caroline, binti ya jirani yetu, anakuja huko kusoma, na amekubali kuibeba. Hajui yaliyomo.

Mwezi uliopita uliniambia kwamba chama chenu cha watu wa kaiti za theluji kitakutana Machi, na kwamba mwaka huu mtazungumzia adabu, jinsi mtu wa kaiti anavyopaswa kumtendea mwenzake. Ukaniomba niandike jinsi nilivyomwokoa Katoo, uwasomee kama mfano. Ulisema umewaambia kwamba una ndugu Kenya aliyemkimbilia mwenzake kwenye upepo mkali na kumtoa mikononi mwa kifo. Nimekaa na ombi hilo siku nyingi. Leo nalitimiza. Kwa kuwa watu wako hawatujui, nitaeleza hata yale unayoyajua wewe, na univumilie.

Yote yalianza na mzigo wako. Ulipokuja likizo Desemba ya 2022 ukiwa na lile begi refu, Mama alidhani umeleta hema. Kumbe zilikuwa kaiti tatu, zile tiara kubwa za kitambaa ulizojifunzia kwenye ziwa lililoganda, ukivutwa na upepo juu ya theluji. Ulisema ungependa kuona kama upepo wetu unaweza kazi hiyo. Theluji hatuna, lakini mimi ni fundi, na ndani ya siku tano nilikuwa nimetengeneza ubao wa kusimamia wenye magurudumu manne ya mkokoteni. Tukauliza uwanda uko wapi. Mteja wangu mmoja akatuambia twende barabara ya Magadi, tupite Kona Baridi, tuteremke mpaka Oltepesi, tumuulizie Emmanuel Katoo.

Katoo tulimkuta akinunua mbuzi wa kupeleka soko la Kiserian. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye kusikiliza mpaka umalize ndipo ajibu. Tulipomweleza alicheka, akatupeleka kwenye ardhi ya baba yake, Mzee Ezra. Pale pana uwanda mweupe ambapo maji husimama wiki mbili za mvua, kisha hukauka na kuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Upande mmoja kuna miiba. Upande wa pili kuna shimo la zamani la kuchimba murram ya kutengenezea barabara, na mawe yaliyoachwa pale. Mzee Ezra alitazama kaiti ikipanda, akatema mate pembeni, akasema kwamba kama haili nyasi hana ubishi nayo.

Wiki mbili ulizokaa nasi ulitufundisha kuruka, lakini zaidi ulitufundisha heshima. Ulisema upepo ni wa wote, na kamba moja inaweza kukata mtu kama kisu, kwa hiyo hakuna mchezo bila adabu. Anayeanza kurusha apewe nafasi kwanza. Mkipishana, aliye upande unaotoka upepo ainue kaiti yake, mwenzake aishushe, kamba zisishikane. Usipitishe kamba juu ya mtu wala mnyama. Na juu ya yote, mtu akitaka kutua, ataweka kiganja juu ya kichwa na kukipigapiga, maana kaiti kubwa haitui vizuri bila mtu wa pili kuidaka ikigusa chini. Ukiona ishara hiyo, ulisema, uache chochote unachofanya uende, hata kama ni adui yako. Tulirudia maneno hayo kama watoto wa Sunday school.

Ulipoondoka ulituachia kaiti. Katoo akaongeza sheria zake mwenyewe. Kwanza, hakuna kufungua begi kabla hujasalimia kila aliye uwandani, kwa mkono. Pili, mifugo ikipita kwenda majini, kaiti zote chini mpaka mbuzi wa mwisho apite. Alisema wanyama walikuwa pale kabla yetu. Hakuna aliyebisha.

Dada, nitasema jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Katoo alinishinda. Mimi ndiye niliyetengeneza mbao, mimi ndiye ndugu yako, na kila Jumapili baada ya kanisa nilitoka Kitengela na pikipiki mpaka Oltepesi. Lakini yeye alikuwa amechunga kwenye upepo ule tangu akiwa na miaka sita. Aliuona ukija kabla haujafika, kwa jinsi mbuzi walivyogeuza vichwa. Mwaka wa kwanza tulikuwa sawa. Mwaka wa pili aliruka juu ya ubao na kushuka taratibu kama mtu anayeketi kitini, wakati mimi niliruka na kuanguka kama gunia. Mwaka huohuo wa pili, yaani mwaka jana, wakaanza kuja watu wa Nairobi, sita au saba, wakiongozwa na mwanamume anayeitwa Sydney, na wote walimwita Katoo mwalimu. Mimi waliniita fundi. Gurudumu likilegea, fundi. Nilicheka pamoja nao, na njiani kurudi nyumbani nilikuwa naongea peke yangu ndani ya helmeti.

Jumapili ya tarehe nane Septemba watu hao walikuwepo wote. Upepo ulikuwa mzuri sana, nami kwa mara ya kwanza nikaruka vizuri. Nilisikia wakipiga makofi. Hapo mbuzi wa Mzee Ezra wakatokea kwenye miiba wakienda majini, na nyuma yao Tabitha, mke wa Katoo, akiwa na mtoto mgongoni. Katoo akainua mkono. Kaiti zikaanza kushuka moja baada ya nyingine. Mimi niliona, lakini nikajiambia nitaruka mara moja tu zaidi, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwangu. Niliruka. Kamba zangu zilipita juu ya mbuzi, na juu ya Tabitha, karibu kiasi kwamba aliinama na kuweka mkono nyuma kukinga kichwa cha mtoto. Mbuzi wakatawanyika. Mmoja alivunjika mguu kwenye mawe na ikabidi achinjwe palepale.

Katoo hakupiga kelele. Alinijia akiwa amekunja uso, akanipa mkono kwanza, kama desturi yake, halafu akasema mbele ya watu wote, "Muturi, keti. Leo wewe umemaliza."

Niliketi. Nilikaa juu ya jiwe tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, nikiwatazama. Sydney alinipa chupa yake ya maji nimshikie. Hakuna aliyenitukana, na labda wangenitukana ningepata nafuu. Jioni Katoo alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akaniambia yameisha, nije Jumapili kama kawaida. Nilimjibu sawa. Hayakuwa yameisha.

Jumapili iliyofuata ni ile unayoijua. Watu wa Nairobi hawakuja. Tulikuwa mimi na Katoo tu, na mbali sana wachungaji wawili. Kuelekea saa kumi upepo uligeuka ghafla, ukaja na vumbi jekundu kutoka upande wa bonde. Mimi nilikuwa nimeshatua na kaiti yangu nimeilaza chini. Katoo alikuwa katikati ya uwanda na kaiti kubwa, ile ya bluu. Upepo ukambeba. Alijaribu kuvuta pini ya kujinasua, lakini ilikuwa imejaa mchanga, ikakwama. Alinyanyuliwa juu kufikia kimo cha paa la nyumba, akapigwa kwenye mawe ya lile shimo la murram, na kaiti ikaendelea kumburuta.

Nilikimbia. Nilijitupa juu ya kaiti, nikakata kamba kwa kisu, nikakatwa kiganja mpaka mfupa, kovu ninalo. Katoo alikuwa amelala chali macho wazi. Aliniambia hasikii miguu yake. Wale wachungaji wawili walifika mbio, tukatoa mlango wa zizi, tukamlaza juu yake bila kumkunja mgongo, kama ulivyotufundisha. Jirani alileta pick-up. Njia nzima ya kupanda Kona Baridi nilikuwa nyuma naye, nimeshika kichwa chake kisicheze, nikipiga kelele dereva aende polepole, kisha aende haraka, kisha polepole. Daktari wa Nairobi alisema kwamba kama si kulazwa vizuri vile angekufa njiani.

Hayo ndiyo uliyosimuliwa, na ndiyo uliyowasimulia watu wako. Kila neno ni kweli.

Katoo alikaa wodini mpaka mwisho wa Novemba. Mgongo ulivunjika mahali pabaya, na kutoka kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Nilienda kumwona kila wiki. Nilimwogesha. Nilimtengenezea kiti cha magurudumu chenye matairi mapana, ya kupita kwenye changarawe ya kwao. Kila mtu aliyekuja kumtazama aliambiwa, huyu ndiye Muturi. Mama yake alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaniombea kwa Kimaasai, maombi marefu sana, nami sikuelewa ila jina langu. Mchungaji wa kanisa lao alinisimamisha mbele ya watu Jumapili ya shukrani. Mama yetu alikuwepo, alivaa ile kofia yako, akalia.

Desemba Mzee Ezra aliniita bomani. Alikuwa ameshika kondoo jike mweusi mwenye shingo nyeupe. Akanikabidhi kamba mbele ya wazee watatu, akasema bila mimi mwanawe angekuwa kaburini. Kwao, mtu akikupa kondoo hamwitani tena majina yenu. Mnaitana Paker, yaani sisi tuliopeana kondoo, mpaka mmoja wenu afe. Kuanzia siku hiyo nikifika tu getini, mzee alikuwa ananisalimu kwa Kimaasai kwa sauti yake kubwa, "Paker! Sopa, Paker!" nami naitika, "Epa, Paker." Watoto wa boma wakacheka, mbwa wakanyamaza. Tabitha akaleta chai kabla hata sijakaa.

Wacuka, kondoo yule nilimwacha kwao, nikasema sina malisho Kitengela. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona. Nilianza kuamka nikiwa nimeuma meno. Nilikosea vipimo vya geti la mteja mara mbili. Mama alidhani ni mshtuko wa ajali, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba nilikuwepo.

Nilikuwepo, ndiyo. Sasa ngoja niandike nilichofanya nikiwepo, kabla Mama hajagonga huu mlango.

Upepo haukumbeba Katoo mara moja. Alikuwa ameuona ukigeuka mapema, kama kawaida yake. Aliacha kucheza, akaja taratibu mpaka ukingoni, kaiti ikiwa juu kabisa ya kichwa chake ambapo haina nguvu nyingi, na akasimama. Mimi nilikuwa umbali wa kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani. Akaweka mkono juu ya kichwa. Akapigapiga.

Nilimwona. Sikuwa na vumbi machoni, sikuwa nimegeuka, sikuwa mbali. Nilimtazama na yeye akanitazama. Kisha nikainama, nikaanza kukunja kamba zangu.

Nakumbuka nilichosema moyoni. Nilisema, wacha na yeye angoje kidogo. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe saa tatu nzima mbele ya watu, na nikafikiri dakika mbili hazitamuua mtu. Nilikunja kamba vizuri siku hiyo kuliko siku yoyote. Niliinua jicho mara moja. Mkono bado ulikuwa kichwani, na sasa alikuwa akipiga haraka, mwili umeegemea nyuma kuvuta dhidi ya upepo. Hakuniita kwa sauti. Ukishapewa ishara ile huhitaji kuitwa. Nikainama tena.

Niliposikia kaiti ikilia, ule mlio wa nguo inayopasuka, nilikuwa nimeshika kamba zangu zikiwa fungu safi mkononi. Nilizitupa nikakimbia. Hapo ndipo wachungaji wale waliponiona, kwa hiyo wao waliona mtu anayekimbia tu.

Ulituambia, hata kama ni adui yako. Katoo hakuwa adui yangu. Alikuwa mtu aliyeniambia niketi nilipostahili kuketi.

Nilikaa na jambo hili miezi minne bila kumwambia mtu. Mwishowe lililonishinda ni ombi lako. Ulipopiga simu ile Jumapili ya kwanza ya Januari na kusema kwamba watu wako wananiita mfano, nilitoka nje nikaketi nyuma ya banda la kuku mpaka Mama akaniita. Jumamosi iliyofuata nikaenda Oltepesi.

Nilimkuta Katoo kivulini, kwenye kile kiti nilichomtengenezea. Amekonda, mabega ndiyo yamebaki. Tabitha alileta chai, akaingia ndani. Nilianza kuzunguka, nikaulizia bei ya mbuzi, nikaulizia maji. Aliniacha nizunguke. Nilipomaliza maneno ya kuzungukia nilimwambia. Sikumtazama usoni, nilitazama tairi la kiti.

Tairi likageuka kidogo kunielekea. Kisha akasema, "Nilikuona."

Nilifikiri hakunielewa, nikaanza kueleza upya. Akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu tufahamiane. "Muturi, nilikuona. Uliniangalia, ukainama. Ukaniangalia tena, ukainama tena."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hospitalini, kwa nini aliacha watu waniombee, kwa nini alimwacha baba yake anipe kondoo. Alijibu kwamba hayo hayakuwa maneno yake ya kusema. Yalikuwa yangu. Alisema kila wiki nilipoingia wodini alijiambia leo Muturi atasema, na kila wiki nilileta maembe. Siku ya kondoo, alipoona nimepokea kamba, alijua sitasema tena, na siku hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko mawe yale.

Nililia, Dada. Yeye hakulia. Aliniambia ninyamaze kwa sababu mtoto amelala. Nikamwambia afanye anachotaka, anishtaki, aniite polisi, nitakubali. Akasema polisi wataifanyia nini miguu yake. Halafu akaniambia nisije Jumapili ile, wala inayofuata. "Nikikutaka nitakuita," alisema. "Lakini kwanza enda umwambie mzee. Usiniachie mimi."

Nilipogeuka nilimwona Tabitha amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikuja mpaka kwenye stuli, akachukua kikombe changu ambacho sikuwa nimemaliza, akaingia nacho ndani. Hata leo nikiandika naona mkono wake ukichukua kile kikombe.

Mzee Ezra nilimpata kwenye mabirika ya maji. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maneno machache, kwa Kiswahili changu na kile kidogo cha Kimaasai nilicho nacho, ili asije akafikiri amesikia vibaya. Alisikiliza akiendelea kuwanywesha ng'ombe. Nilimwambia kondoo ni wake, amchukue. Akasema kondoo hajatoka bomani, kwa hiyo hakuna cha kuchukua. Ng'ombe wote walipomaliza kunywa, ndipo aliponipa mkono wa kuniaga. Alisema, "Sawa, Muturi. Nenda salama."

Muturi. Nilikuwa nimelichukia lile jina la Paker, lilinichoma kila aliponiita, na siku ile nilipanda pikipiki nikagundua kwamba hakuna mtu atakayeniita hivyo tena duniani. Sikujua jina linaweza kuondolewa kimyakimya vile, bila hata kutajwa.

Mama nilimwambia usiku uleule. Hajanifukuza. Anapika, ananipakulia, ananiuliza kama nimeshiba. Lakini ile picha yangu na Katoo aliyokuwa ameibandika ukutani sebuleni, siku ya pili sikuiona.

Sasa hivi naenda uwandani bado. Usikasirike. Watu wa Sydney walirudi mwishoni mwa Januari, na Mzee Ezra hakuwazuia, maana wanalipa kiingilio cha boma na sasa nyumba ile inakihitaji. Nami sirushi. Sijagusa ubao tangu siku ile na sidhani nitagusa. Nasimama ukingoni, upande wa mawe, tangu wa kwanza anaporusha mpaka wa mwisho anapotua. Niliwaambia Sydney na wenzake yote kabla ya kuanza, mbele yao wote, nikawaambia kwamba asiyetaka nimshikie kaiti yake aseme. Wawili walisema. Wengine hawakusema kitu. Jumapili ya kwanza wale wawili walishikiana wenyewe kwa wenyewe. Sikubishana nao. Mtu akiinua tu mkono kupangusa jasho, mimi nimeshaanza kukimbia, na wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Jumapili iliyopita, nikiwa bado nakunja vitu, simu ililia. Ilikuwa namba ya Katoo, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilipokea nikakosa hata salamu. Yeye hakusalimu pia, yeye ambaye husalimu hata mbwa wa watu. Aliuliza leo watu walikuwa wangapi. Nikamwambia saba. Akauliza nani aliwashusha. Nikamwambia mimi, wote isipokuwa wawili.

"Upepo uligeuka saa kumi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, uligeuka, lakini wakati huo wote walikuwa chini.

Nilisikia kuku wa kwao, nikasikia mtoto akimwita. Kisha akakata. Hajapiga tena, nami sijampigia, kwa sababu alisema ataniita na ile haikuwa kuniita. Leo sikwenda, nimebaki niandike hii.

Basi, Dada, uliomba niandike na nimeandika. Usiwasomee nusu. Ukiwasomea kipande cha mimi kukimbia, wasomee na kipande cha mimi kuinama, na jina langu ulitaje. Kama utaona aibu, usisome chochote, nitaelewa. Lakini usiwaambie tena kwamba una ndugu aliye mfano. Waambie kwamba sheria zote tulizijua, tulizijua vizuri, na ulitufundisha wewe mwenyewe, wala hukukosea mahali.

Ukitaka kunijibu, jibu. Ukitaka kukaa kwanza, kaa. Mama amebisha hodi sasa hivi akiuliza naandika nini kirefu hivi, nikamwambia ni barua yako, akasema nikwambie goti limepata nafuu. Si kweli, lakini ndivyo alivyosema. Anakusalimu sana. Mama Caroline anakusalimu, na wanakwaya wa kanisa, ambao bado wanaulizia sauti yako ya tatu. Wasalimie wenzako wa kazini. Vaa soksi mbili. Ukienda kwenye barafu na kaiti, usiende bila mtu unayemwamini amesimama nyuma yako.

Ni mimi mdogo wako,
Muturi.